Ute wa bamia haufiki kiunoni

Mama mmoja kutoka upande wa Dongobesh aliingia kwangu na bahasha ya eksirei mkono mmoja, mkono wa pili chupa ya nusu lita. Ndani ya chupa mlikuwa na bamia zilizolowekwa tangu usiku. Maji yamekuwa mazito, yanavutika kama kamasi. Hajakaa vizuri, swali likatoka: "Daktari, pingili zimesagika, ute umekwisha. Hii ninywe mara ngapi kwa siku ili urudi?" Alikuwa wa nne asubuhi hiyo. Wawili kati ya waliomtangulia walikuwa wameshahamia kwenye supu ya kongoro.

Swali hili nimelijibu kwa upole miaka mingi. Upole nao umekwisha.

Bamia ni mboga. Ute wake ni aina ya sukari ya mmea ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya. Inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaila, basi. Kongoro likifika tumboni huvunjwavunjwa kama maharage ya jana. Mwili hauna karani wa kupanga kwamba hiki kimetoka kwenye mguu wa ng'ombe, kipelekwe gotini kwa mama. Ingekuwa hivyo, wapenzi wa kongoro wangeshaota kwato. Ni tamu, kuleni, ila kwa njaa.

Na huo ute ungefika, ungepokelewa wapi? Kati ya pingili na pingili pamekaa diski: pete ngumu ya nyuzi, katikati kiini laini ambacho ujanani karibu asilimia 80 yake ni maji. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya taratibu kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini. Mchana uzito wako huikamua, usiku ukilala huyanyonya maji tena, ndiyo maana asubuhi u mrefu kidogo kuliko jioni. Vifundo vidogo vya nyuma ya pingili ndivyo vyenye ute, nao hutengenezwa na utando wa kifundo chenyewe.

Turudi kwenye bahasha. Eksirei haioni diski, inaona mifupa na nafasi iliyo katikati. Nafasi ikipungua mgonjwa anaambiwa "zimesagika", na neno hilo humlaza kitandani kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Diski zilizochakaa zilikadiriwa kuwapo kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni mvi za ndani. Sijaona bado anayenywa bamia kuondoa mvi.

Sisemi mama haumwi. Alikuwa ametoka kung'oa vitunguu saumu siku sita mfululizo, ameinama kutwa. Mgongo wa nani usingelalamika?

Swali ninalolisubiri Mbulu na Hanang ni la maziwa, na haliji. Brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba, na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na vyote viwili vinaweza kuingia kwenye pingili. Mgongo unaouma hata usiku umelala, homa za jioni, jasho, suruali inayolegea: hiyo si kazi ya jembe. Kifua kikuu hula pingili upande wa mbele mpaka kibyongo kitokeze. Daktari Percivall Pott wa London alikieleza mwaka 1779, na sisi bado tunakipaka mafuta. Dawa za kifua kikuu ni bure. Maziwa chemsha.

Maumivu ya kawaida: tembea, usilale zaidi ya siku moja mbili, kanda kwa maji ya moto, gawa mzigo mara mbili, jembe litiwe mpini mrefu. Ibuprofeni siku chache, isipokuwa una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au presha. Maumivu yanayoshuka mguuni nayo mara nyingi hutulia ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Mnaokanyagwa mgongoni na mnaochanjwa chale, acheni.

Lakini mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikishika matako na sehemu za siri, au miguu ikiishiwa nguvu, usingoje siku ya mnada ndipo upate gari. Kodi pikipiki usiku huo huo uje hospitalini Haydom.