Hati ya Shamba Huanzia Shambani

Katika vilima vya Walungu mashamba ni madogo, na watoto ni wengi. Mgomba mmoja uliopandwa nje ya mpaka waweza kuwafarakanisha ndugu wa tumbo moja kwa miaka mingi. Kwa hiyo twawasifu akina baba na akina mama wanaotaka kuandikisha ardhi yao kabla ugomvi haujazuka. Lakini twawaona pia wengine wakirudi nyumbani na maombi yaliyokataliwa, fedha zimekwisha, wasijue wamekosa wapi. Mara nyingi kosa halikutendeka afisini. Lilitendeka shambani, siku ombi lilipoandikwa bila kuulizwa wazee, ndugu wala majirani.

Tukumbuke kwanza sheria yenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka ardhi yote ya Kongo kuwa mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa, kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Karatasi ya kununua iliyotiwa sahihi na chifu ni ushahidi mzuri, wala isitupwe. Lakini si cheti. Kuhusu mashamba yanayokaliwa kwa desturi, sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wenyeji. Makumi ya miaka yakapita bila amri hiyo kutoka, na wakulima wengi wakabaki kati ya desturi na sheria.

Shamba lilikufikiaje?

Katika Ngweshe na Kaziba, hili ndilo swali la kwanza. Aliye na kalinzi, ambaye babu yake alitoa ng'ombe kwa Mwami au kwa mkubwa wa mahali mbele ya mashahidi, ana haki ya desturi inayorithiwa. Aliye na bwasa amekopeshwa tu ardhi apande mazao ya msimu, kama maharagwe. Haruhusiwi kupanda hata mgomba. Huyu akiomba cheti kwa jina lake, mwenye shamba atapinga, naye atakuwa na haki ya kupinga. Basi andikeni asili ya shamba kwa ukweli: ni nani aliyelitoa, mwaka gani, mbele ya nani. Fanyeni hivyo wazee wangali hai, maana mzee akifa, ushahidi wake huzikwa pamoja naye.

Kama shamba ni la urithi, kaka mkubwa asiende afisini peke yake. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwahesabu watoto wote kuwa warithi wa kwanza, wa kiume na wa kike pamoja; na mjane naye ana fungu lake. Dada aliyesahauliwa leo ndiye atakayesimama kesho mbele ya hakimu. Afadhali jamaa wote wakae pamoja, wapatane, waandike mapatano yao na kutia sahihi.

Majina na mipaka

Kuna kosa jingine ambalo watu hawalidhanii. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliwakataza raia majina ya Kikristo. Kwa hiyo baba huyohuyo anaitwa Joseph katika karatasi ya zamani, na katika karatasi ya baadaye ana jina la ukoo tu. Karani aliye mbele ya karatasi hizo aona watu wawili. Linganisheni majina yote kabla ya kuomba, herufi kwa herufi. Na yakitofautiana, nendeni kwanza kwa mwandikishaji wa raia, athibitishe kwamba ni mtu mmoja.

Vivyo hivyo mipaka. Waiteni majirani wa pande zote, mzunguke pamoja, mkitazama mawe, mifereji na miti ya mpaka. Mahali mnapobishana, mmalize ubishi kabla mpimaji hajafika. Mpimaji hupima ardhi. Hawezi kupatanisha mioyo.

Yatupasa kujua pia kwamba, kwa ardhi ya mashambani, sheria yadai uchunguzi kabla ya kutoa haki. Mtumishi wa Serikali huthibitisha mipaka, huhesabu watu wanaokaa mahali pale, na kusikiliza kila mwenye neno. Mwombaji asiuogope uchunguzi huo, wala asitoe fedha ili urukwe, kwa sababu hati iliyojengwa juu ya uchunguzi wa uongo yaweza kuvunjwa. Na wewe ambaye jirani yako ndiye anayeomba, usinyamaze siku ile. Kuna wakulima waliosikia habari ya cheti cha mwingine juu ya shamba lao wakati cheti kilipokwisha kutolewa.

Mwisho, kila malipo yawe na risiti, na kila karatasi iwe na nakala kwa ndugu mwaminifu anayekaa mahali pengine. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Siku za kukimbia namna hiyo, mama hubeba mtoto na sufuria. Karatasi husahauliwa kwenye sanduku.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lenyewe, lisipokubaliwa na ndugu na majirani, halitawaletea watoto wetu amani.