Mifupa inapouma, huenda chanzo ni mkate

Na Mwandishi Wetu, Johannesburg

KATIKA mitaa ya Jeppestown, mashariki mwa katikati ya jiji la Johannesburg, mlo wa haraka wa mtu wa kipato kidogo ni ngano: kota, yaani robo ya mkate iliyochimbwa ndani na kujazwa chipsi, au magwinya, ndugu wa maandazi yetu. Kwa walio wengi chakula hicho hakina neno. Kwa wachache, kinaweza kudhoofisha mifupa taratibu.

Hao ni wenye ugonjwa wa siliaki, unaokadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 100 duniani. Wakila gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga yao ya mwili hugeuka na kushambulia utumbo mwembamba. Utumbo ukiharibika, hushindwa kufyonza vizuri kalsiamu na vitamini D.

Kalsiamu ikipungua katika damu, mwili huikopa kutoka kwenye mifupa. Deni hilo lisipolipwa, mifupa huwa myepesi, huuma na huvunjika kirahisi. Watoto wanaweza kudumaa au kupata matege.

Hatari ni kwamba wagonjwa wengine hawaharishi kabisa. Dalili zao ni uchovu, upungufu wa damu au mfupa kuvunjika kwa pigo dogo. Ni rahisi kusingizia mizigo tunayobeba au baridi ya Julai.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alieleza madhara ya ngano kwa wagonjwa hawa katika tasnifu yake ya mwaka 1950. Mpaka leo msingi wa tiba ni ule ule: kuacha gluteni maisha yote. Mifupa ya wengi huanza kuimarika, hasa ya watoto, ingawa baadhi ya watu wazima hawarudishi yote waliyopoteza.

Habari njema ni kwamba chakula cha nyumbani kinatosha. Ugali wa mahindi, mtama, ulezi, wali, muhogo na ndizi havina gluteni, mradi unga usichanganyike na ngano mashineni. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza kalsiamu.

Lakini ndugu msomaji, usiache mkate kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akiacha gluteni. Unaweza kuambiwa huna ugonjwa, kumbe unao. Ukithibitika kuwa nao, muulize daktari kuhusu kupima uimara wa mifupa yako.