Jinsi ya Kurekebisha Valvu za Motokaa ya Dizeli

Wenye motokaa wengi humwendea fundi valvu zinapogonga. Zikinyamaza, hudhani kuwa zi salama. Lakini wahenga walisema, "Kimya kingi kina mshindo," na katika injini ya dizeli ya zamani methali hii ni kweli kabisa. Mfano wetu na uwe Mercedes-Benz 240D, motokaa iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1973.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche za umeme. Pistoni huibana hewa mara 21 hivi, hewa hiyo hupata joto kali, na dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo valvu zisipofunga barabara, hewa huvuja, na asubuhi ya baridi injini hukataa kuwaka.

Kila valvu ina kiti chake. Siku zinavyopita, valvu na kiti hulika, valvu hupanda kidogo kidogo, na ile nafasi iliyoachwa kati ya kamshafti na roka hupungua. Nafasi ikizidi, utasikia kelele. Ikiisha, hutasikia kitu, lakini valvu haitafunga. Valvu ya moshi hupoa kwa kukigusa kiti chake. Isipokigusa huungua, na hapo hapana budi kufungua silinda hedi nzima.

Kazi hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa. Simamisha motokaa mahali palipo sawa, toa gea, vuta breki ya mkono, na uvue waya wa betri. Futa vumbi juu ya injini, kisha fungua kifuniko cha valvu. Utaona valvu 8, mbili kwa kila silinda: moja ya hewa na moja ya moshi. Ili kuzitambua, tazama kila moja inaelekea bomba gani.

Zungusha injini kwa bolti ya mbele ya krankshafti, kwa upande inakozunguka siku zote. Usitumie kamwe bolti ya kamshafti, maana huweza kulegea. Nundu ya kamshafti ikielekea juu, mbali na roka, valvu hiyo imefunga, ndipo upime.

Nafasi ya valvu ya hewa ni milimita 0.10, kama unene wa karatasi. Ya moshi ni 0.30, kwa sababu valvu hiyo hupata joto zaidi na kurefuka zaidi. Pitisha fila, yaani kile kibamba chembamba cha chuma cha kupimia. Kipite kwa kukwaruza kidogo. Kikikataa, au kikipwaya, shika nati ya chini kwa spana ya 14, legeza ya juu kwa spana nyingine, rekebisha, kisha kaza. Pima tena baada ya kukaza, maana nati huweza kusogea.

Rudia kazi hii kila kilomita 24,000 hivi, na uandike katika daftari kila kipimo ulichokikuta. Valvu unayoikuta imebana kila mara ndiyo ya kuangaliwa sana. Vipimo hivi ni vya injini hii tu. Mwenye motokaa nyingine na asome kitabu chake.

Basi, ndugu msomaji, usingoje kelele ndipo ushike spana.