Mpya ya Bei Chee au Used ya Ofisini?

Ukiwa na laki sita na nusu mfukoni na kijana wako kapata chuo, Kariakoo itakupa njia mbili. Ya kwanza ni laptop mpya ndani ya boksi, nailoni bado imebana kwenye kioo: prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, diski ndogo. Ya pili haina boksi. Ni Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, zote toleo la mwaka 2018, zilizotumika kwenye ofisi za watu huko ng'ambo, zikaondolewa kwa mkupuo na kuingia kwenye kontena. Ina mikwaruzo, na baadhi ya herufi kwenye kibodi zimeng'aa kwa kugongwa. Bei hupanda na kushuka na dola, ila pengo kati ya hizo mbili mara nyingi ni dogo.

Mimi ningechukua ya pili, kwa masharti. Wazazi wengi huchukua ya kwanza kwa sababu ina boksi na waranti ya mwaka, na siwalaumu; waranti ni kitu. Lakini ni nadra laptop kufa kwa uzee wa prosesa. Inakufa kwa kufunguliwa na kufungwa, kubanwa ndani ya begi kwenye daladala, kumwagiwa chai, na kuchomekwa chaji kwa pupa.

Tazama bawaba. Kwenye laptop nyingi za bei chee, bawaba ya chuma imefungwa kwa skrubu kwenye vijinati vya shaba vilivyozamishwa ndani ya vinguzo vya plastiki vyembamba kuliko kalamu. Bawaba ikianza kukaza, nguvu ya mkono wako haiishii kwenye kuizungusha. Inakwenda kung'oa vile vijinati. Dalili ya kwanza ni ufa mdogo kwenye kona, chini ya kioo. Baadaye fremu inaanza kuachana na mfuniko, na kila ukifunga unasikia "kra". Wengi huendelea kuitumia hivyo hivyo wiki kadhaa, mpaka bawaba iukate waya wa kioo au ikipasue kioo chenyewe. Fundi ataibandika kwa gundi ya epoksi, na akiwa mwaminifu atakwambia haitakaa sana, maana plastiki ya kushikia imeshasagika. Dawa yake ni kubadilisha ganda zima, na ganda la modeli ya bei chee ni shida kulipata, kwa kuwa kampuni hazikai na modeli hizo muda mrefu.

(Kama tayari unayo ya aina hiyo, fungua kwa kushika katikati ya kioo, si kwenye kona moja. Inasaidia kuliko inavyoonekana.)

Laptop za ofisini zilitengenezwa kwa mteja wa namna nyingine: kampuni inayonunua mia kwa mara moja, yenye mafundi wake na mkataba wa matengenezo. Mteja huyo akirudisha kumi mbovu, aliyemuuzia anaumia. Kwa hiyo EliteBook 840 ikapewa ganda la alumini, na kibodi ya ThinkPad ikatobolewa njia za kupitisha maji chini ili kikombe kikimwagika, maji yasiangukie moja kwa moja kwenye ubao mama. Usiijaribu kwa makusudi. Muhimu zaidi, zinafunguka. Unalegeza skrubu za chini, unakuta nafasi mbili za RAM, diski inayochomoka, feni inayoweza kupulizwa vumbi. Ile mpya ya laki sita na nusu, mara nyingi GB 4 zake zimechomelewa kwenye ubao na hazitaongezeka kamwe, na kibodi yake imeshikizwa kwa vichwa vya plastiki vilivyoyeyushwa kiwandani. Herufi moja ikifa, fundi ana kazi ya nusu siku.

Mwaka 2009 kampuni ya Marekani inayouza bima za vifaa, SquareTrade, ilichambua rekodi za laptop zipatazo 30,000. Ilikadiria kwamba karibu moja kati ya tatu itaharibika ndani ya miaka 3: theluthi mbili ya hizo kwa hitilafu za kifaa, theluthi moja kwa ajali za mtumiaji. Zile ndogo za bei ya chini zilizokuwa fasheni wakati huo zilionekana kuwa na hitilafu kwa asilimia 20 zaidi ya za bei kubwa. Ni takwimu za zamani na modeli zimebadilika, ila sioni sababu ya plastiki ya bei chee kuwa imejirekebisha yenyewe.

Muuzaji akikuonyesha maandishi ya MIL-STD-810, mshukuru na uendelee kukagua. Hicho ni kiwango cha majaribio cha jeshi la Marekani, lakini hakuna mwanajeshi aliyeigusa laptop hiyo. Kampuni yenyewe huchagua majaribio ya kufanya na namna ya kuyafanya.

Sasa masharti. La kwanza ni kizazi cha prosesa, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Soma namba: i5-8350U ni kizazi cha 8, i5-6300U ni cha 6. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia, kwa kawaida, kizazi cha 8. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwenye EliteBook 840 G3 kwa njia ya kuruka ukaguzi, na itawaka vizuri tu mbele yako, lakini Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine hiyo. Kwa hiyo usinunue kwa macho; soma namba ya prosesa.

La pili ni betri. Omba uandike mwenyewe, kwenye dirisha la amri, powercfg /batteryreport. Itatoka ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Kama ilianza na 50,000 na sasa inajaa 28,000, una nguvu ya kuomba punguzo, na hesabu ya betri mpya iingie kwenye bei. Umeme wetu ukikatika, betri iliyochoka inazima mashine na kazi ambayo hujaihifadhi. T480 ina raha yake hapa: ina betri mbili, na moja inachomolewa kwa vidole bila bisibisi.

Chukulia hesabu ya kukadiria. Mpya ya 650,000 ikivunjika bawaba baada ya miaka 2, umelipa 325,000 kwa mwaka. Used ya 650,000, ongeza 100,000 za betri, ikienda miaka 3 tu ni 250,000 kwa mwaka. Ikienda 4 inashuka chini ya 190,000. Ili ile mpya ishinde, inabidi itunzwe na mtu mwenye mikono ya upole kuliko wanafunzi ninaowafahamu.

Mwenye milioni moja na nusu au zaidi hana haja ya ubishi huu. Anunue mpya ya daraja la ofisini, au kama kazi yake inaruhusu, MacBook Air ya M1 ya 2020, ambayo haina feni ya kunyonya vumbi. Ajue tu kwamba RAM yake haiongezwi, na kioo chake hakitaki kitu chochote kibaki kati yake na kibodi. Apple wenyewe walionya mwaka 2020 juu ya kufunga MacBook ikiwa na kifuniko cha kamera.

Ukiamua used, dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine na siku za waranti zikiwa zimeandikwa, si za mdomo. Siku hizo zitumie kuichosha: ichaji kwa kila tundu, ongea kwa video saa nzima, ifungue na kuifunga mara nyingi kuliko kawaida. Ikiwa na tatizo, lijitokeze wakati duka bado linapokea simu yako.