Hewa ya akiba ni ya nani, na itakufikisha wapi?

Ukikodi vifaa vya kupigia mbizi Nungwi, Diani au Watamu, regyuleta utakayopewa huwa na midomo miwili ya kupumulia: mmoja wa kwako, na wa pili wenye mpira wa njano unaopita ubavuni. Wanaoanza mbizi wengi huuhesabu huo wa njano kuwa akiba yao. Sivyo. Midomo yote miwili inavuta hewa kutoka mtungi uleule, kupitia kichwa kilekile cha regyuleta kilichofungwa kwenye valvu. Mtungi ukiisha, yote inaisha. Mdomo wa njano ni wa mwenzako. Wewe umembebea tu. Akiba yako wewe imening'inia kifuani pake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Cousteau na Gagnan walipounda regyuleta yao mwaka 1943, ilikuwa na mdomo mmoja, na kwa miaka mingi watu walifundishwa kupokezana huohuo mmoja: wewe pumzi mbili, mimi pumzi mbili. Kwenye bwawa la kuogelea zoezi hilo lilikwenda vizuri. Baharini, mtu aliyekwisha kosa pumzi hakubali kuutoa mdomoni. Waliousambaza mdomo wa pili ni wapiga mbizi wa mapangoni Florida, akiwamo Sheck Exley, ambao hawakuwa na njia ya kupanda moja kwa moja hadi juu. Baadaye wakaurefusha mpira wa kugawia hadi kama mita 2, ili watu wawili waweze kupita mlango mwembamba wa pango mmoja nyuma ya mwingine.

Kabla ya kununua chochote, basi, jiulize maswali mawili. Kitu hiki kinategemea kilekile kinachoweza kuharibika? Na hewa iliyomo itanifikisha juu kutoka kina ninachokwenda?

Swali la pili hujibiwa kwa hesabu, na watu wengi huiruka. Mtu mtulivu hutumia lita 15 hadi 20 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Aliyeshtuka tumhesabie 30, na huyo bado amejizuia. Chukua meli ya Dania, iliyozamishwa makusudi mbele ya Mombasa mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Sehemu yake ya chini iko kwenye kina cha karibu mita 30. Pale presha ni bar 4, kwa hiyo lita 30 zinakuwa 120 kwa dakika. Dakika moja itapotea mkitafutana, mkipeana mdomo na kushikana. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika hadi mita 5 kutakula kama lita 230. Dakika 3 za kusimama hapo ni lita 135, na kumalizia hadi juu ni lita 20 hivi. Jumla inafika kama lita 505 kwa mtu mmoja.

Sasa mpime kwa hesabu hiyo yule anayevaa kile kikopo kidogo cha manjano chenye lita 85, kinachouzwa kama mkombozi wa dharura. Akianza kukitumia kwenye mita 30 na kupanda mara moja bila kupoteza hata sekunde, kitamwishia akiwa kwenye mita 23. Kwa anayezama mita 6 au 7 kina kazi yake. Kwa Dania, au kwa kuta za Pemba zinazoshuka hadi gizani, simshauri mtu akitegemee, kwa sababu kinampa ujasiri wa kwenda mahali ambapo hakiwezi kumtoa.

Mtungi mdogo wa lita 3 wenye regyuleta yake peke yake ni jambo jingine. Ukijazwa bar 200 una lita 600. Unatosha kwa hesabu yetu na kubaki kidogo. Tena hautegemei chochote kilicho mgongoni mwako. Anayepiga picha, anayeongoza wageni wasio na uzoefu, au anayezama penye mkondo mkali ambapo kupotezana na mwenzake ni jambo la dakika moja, huyo namshauri aununue. Auvae ubavuni au kifuani, valvu iwe mahali mkono unapofika, na mdomo wake utofautishwe kwa rangi na kwa mguso, maana wapo walioruka majini wakipumua mtungi mdogo bila kujua, wakaja kugundua umeisha wako chini.

Wengine wote wanabaki na mwenzao, na hapo hesabu inauma zaidi. Watu wawili kwenye mtungi mmoja kutoka mita 30 wanahitaji kama lita 1,010. Kwa mtungi wa alumini wa lita 11, hizo ni bar 92. Ile kanuni ya “tupande tukifika bar 50” inakuachia lita 550, yaani hewa ya mtu mmoja. Ukiwa kwenye kina hicho, geji ikikaribia 100 anza kupanda, hata kama kasa ndiyo kwanza ametokea.

Mdomo wa njano ukae kwenye pembetatu kati ya kidevu na mbavu za chini, umebanwa kiasi cha kung'oka ukivutwa. Uliochomekwa mfukoni hauonekani. Ulioachwa ukiburuzwa matumbaweni hujaa mchanga. Punje moja tu ikikaa chini ya valvu ya kutolea pumzi, kila mvuto huja na maji ya chumvi, na mtu aliyekosa hewa akipata maji kwenye mvuto wa kwanza atakung'olea ule ulio mdomoni mwako. Hilo hutokea hata mdomo wa njano ukiwa mzima, kwa hiyo jizoeze kuutoa wa mdomoni na kuutafuta wa akiba kwa mkono, bila kuangalia.

Kabla ya kuruka kutoka mashuani, pumua mara nne kwa nguvu kwenye kila mdomo huku jicho liko kwenye geji. Mshale ukicheza, ukishuka kwa kila pumzi na kurudi, valvu ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha. Hapo juu utapumua bila shida yoyote. Kwenye mita 20 hewa itakataa kuja, nawe utadhani mtungi umeisha kumbe umejaa.

Mkifika mita 5 mwisho wa mbizi, mwombe mwenzako apitishe kiganja shingoni, ishara ya kuishiwa hewa. Mpe mdomo, mshikane mikanda, mpumue hivyo dakika zote 3. Na ukikodi vifaa ukaambiwa mdomo wa njano unavuja kidogo tu, hauna neno, mrudishie mwenye duka akupe mwingine kabla mashua haijaondoka.