Masomo ya Ughaibuni na Mwanafunzi wa Kiswahili: Aina na Manufaa

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili anapotaja nia ya kusomea ughaibuni, aghalabu huulizwa: mgeni ana lipi la kumfunza Mswahili kuhusu lugha yake mwenyewe? Makala haya yanafafanua aina nne za masomo hayo na kuonyesha kwamba jibu hutegemea aina inayoteuliwa.

Aina ya kwanza ni masomo ya kutunukiwa shahada. Mwanafunzi husajiliwa kikamilifu katika chuo cha kigeni, hasa kwa uzamili au uzamifu. Ebrahim Hussein alisomea uzamifu mjini Berlin, Said Ahmed Mohamed akasomea Leipzig, naye Euphrase Kezilahabi akahitimu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, mwaka wa 1985. Tasnifu ya Kezilahabi ilihusu falsafa ya Kiafrika na uhakiki wa fasihi. Baadaye alichapisha Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za kifalsafa zilizoupa uhalisia kisogo. Masomo ya mbali, basi, hayakumtenga na Kiswahili. Yalimwongezea zana za kukiandikia.

Aina ya pili ni mabadilishano ya wanafunzi. Hapa mwanafunzi hubaki wa chuo chake, ila husoma muhula mmoja au miwili kwingineko. Mfano ni mpango wa Erasmus, ulioanza Ulaya mwaka wa 1987 na ambao baadaye ulifungulia milango vyuo vya Afrika vyenye mikataba na vile vya Ulaya. Manufaa yake ni kupanua upeo bila kukatiza shahada. Muhimu ni kuhakikisha mapema kwamba alama zitatambuliwa nyumbani, la sivyo kozi zitarudiwa.

Aina ya tatu ni usaidizi wa ufundishaji wa lugha. Mpango wa FLTA chini ya Fulbright umewawezesha Wakenya kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, huku wakihudhuria kozi. Anayeulizwa darasani kwa nini kiti 'kimeanguka' ilhali kipofu 'ameanguka' hulazimika kuieleza sarufi aliyozoea kuitumia bila kuifikiria. Kwa kufunza, hujifunza.

Aina ya nne ni ziara fupi za utafiti. Miswada ya mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyoikusanya W. E. Taylor kwa usaidizi wa Mwalimu Sikujua, imehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. Inasikitisha kwamba mhakiki kutoka Mvita hana budi kuvuka bahari ili aishike miswada yenyewe, lakini asipoisoma yeye, itasomwa na kufasiriwa na wengine kwa niaba yake.

Ni bayana kwamba swali la kwanza si ufadhili unatoka wapi, bali pengo gani la kitaaluma linahitaji kuzibwa. Anayetafuta nadharia, anayetafuta umilisi wa kufundisha na anayetafuta miswada hawafai kuomba nafasi moja. Aidha, manufaa hayo hukamilika maarifa yanaporejeshwa katika madarasa na majarida ya nyumbani. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.