Mashine ya Kukata Majani

Mwaka 1830 Edwin Budding wa Uingereza alibuni mashine ya kukata majani, baada ya kuona jinsi mashine ya kiwandani ilivyonyoa vinyweleo vya kitambaa. Leo huko Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, mtu mwenye mashine moja tu ya petroli aweza kujipatia riziki kwa kukata majani katika viwanja vya wengine. Lakini mashine ikifa, riziki nayo hukatika. Kwa hiyo yampasa kuitunza.

Kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, na atazame oili. Oili ikipungua, chuma husugua chuma, na injini huharibika. Tena akung'ute vumbi katika chujio la hewa, maana injini huvuta hewa kama sisi; ikizibwa hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu.

Kisu kikiwa butu hakikati majani, bali huyararua. Ncha zake hukauka, na mwenye uwanja hamwiti tena. Lakini kabla ya kukigusa, lazima achomoe waya wa plagi, ama sivyo injini yaweza kushtuka na kumkata vidole. Akiisha kukinoa, akitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukiinama, ndio mzito. Aunoe tena mpaka zilingane, kisije kikatikisa mashine na kulegeza bolti zake.

Jioni akwangue majani yaliyoganda chini ya mashine, kwani unyevu wake huleta kutu.

Basi, kutazama oili ni kazi ya dakika moja. Bali kununua injini nyingine ni kazi ya miezi.